Mwasmini wa Nyumbani: Shauri kwa Wenye Viwanja vya Kibaha na Kisarawe

Katika viwanja vya Kibaha na Kisarawe siku hizi nyumba mpya ni nyingi, na mbele ya kila nyumba waona mwenyewe amepanda kitu cha kupendeza macho. Jambo hili ni jema. Lakini ukiuliza, "Mwasmini uko wapi?" hujibiwa mojawapo ya maneno mawili. Ama huambiwa, "Nilipanda, haukutoa maua," ama huonyeshwa mti mwingine kabisa ambao si mwasmini. Karatasi hii ni kwa ajili ya watu wa namna zote mbili, na zaidi kwa wale wa pili, kwani mti walioupanda waweza kuwadhuru majirani wenye michungwa, na wao wenyewe hawana habari.

Wako wasemao kwamba ua haliliwi, na kwamba mkulima mwenye akili hupanda muhogo na kuwaachia maua watu wenye nafasi. Mimi sikubali. Muhogo una mahali pake shambani, na mwasmini una mahali pake uwanjani, haigombani. Mwasmini mmoja hautaki nafasi kuzidi hatua mbili kila upande. Tena katika pwani hii asmini si pambo la bure. Ni ya nywele za bibi arusi, ni ya kikuba kivaliwacho pamoja na rehani, ni ya kitanda cha maharusi, ni ya nyumba inayongoja wageni. Kitu ambacho watu hukinunua kwa fedha kila palipo na arusi hakiwezi kuitwa mchezo. Na mara nyingi atunzaye mwasmini ni mama wa nyumba, hivyo fedha yake humfikia mkononi mwake mwenyewe, jambo ambalo haliwi sikuzote kwa fedha ya korosho.

Basi kwanza tujue mwasmini ni upi. Wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Asili yake ni pande za Bara Hindi, na watu wameuchukua kwa mikono yao mpaka nchi nyingi, kwa kuwa kwa kawaida hauzai mbegu na hauwezi kusafiri peke yake. Ufilipino ililifanya ua lake kuwa ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia ikafanya vivyo hivyo mwaka 1990. Wachina hulitumia kutia harufu katika majani ya chai. Ni kichaka chenye matawi marefu yanayopenda kuegemea. Jani lake ni moja moja, halikugawanyika, la mviringo, la kung'aa, na majani hutoka mawili mawili yakielekeana, au mara nyingine matatu pamoja. Ua ni jeupe, hufunguka jioni, na likichakaa hugeuka rangi ya zambarau hafifu. Liko la petali chache na liko la petali nyingi zilizosongamana kama waridi dogo. Yote mawili ni asmini halisi.

Mwituni, katika vichaka vya pwani, uko mwasmini mwingine ambao kila jani lake ni vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, na matunda yake ni madogo na meusi. Huo huitwa Jasminum fluminense. Jina hilo latokana na Rio de Janeiro, kwa sababu aliyeuandika katika kitabu aliukuta huko Brazili. Lakini kwao hasa ni huku kwetu Afrika. Una harufu nzuri, na si vibaya kuuacha mahali ulipo. Walakini usiulete uwanjani ukidhani utakuwa kama ule wa nyumbani, maana hutambaa juu ya kila kitu na ndege huzitawanya mbegu zake. Uko tena mti wenye maua membamba ya kijani-cheupe yanukayo usiku kwa nguvu mpaka kichwa kikauma. Majani yake ni marefu, na hutoka moja moja kwa zamu. Mti huo una sumu, hasa matunda yake. Mwenye watoto wadogo au mbuzi asiwe nao.

Sasa naja kwenye mti ambao ndio sababu kubwa ya maneno haya. Wataalamu huuita Murraya paniculata, na Waingereza katika lugha yao huuita yasmini ya michungwa. Hapo ndipo jina lilipowapoteza watu. Hupandwa mijini kuwa uzio, kwa sababu majani yake ni ya kijani kilichokolea na hukubali kukatwa vizuri kama ukuta. Kuujua si kazi. Jani lake limegawanyika, vijani vitatu mpaka tisa vimepangwa juu ya kikonyo kimoja. Ukilifikicha vidoleni hunuka ndimu. Na baada ya maua hutoa matunda madogo mekundu. Huo si mwasmini wala hauna udugu nao. Mwasmini ni wa ukoo wa mzeituni. Mti huu ni wa ukoo wa mchungwa, mlimau na mdimu.

Na ukoo wake ndio ubaya wake. Yuko mdudu mdogo arukaye, urefu wake kama milimita tatu au nne, ambaye akifyonza chipukizi huinama kichwa na kuinua mkia juu. Mdudu huyu, ambaye asili yake ni Asia, huchukua ugonjwa wa michungwa usio na dawa. Majani ya mti ulioshikwa huingia mabaka ya manjano, na mabaka ya upande mmoja wa jani hayalingani na ya upande wa pili. Machungwa hubaki madogo, yamepinda, machungu, na ya kijani upande wa chini. Kisha mti hufa polepole. Kwetu Afrika tulikuwa na mdudu mwingine wa namna hiyo, lakini yule hapendi joto na hukaa zaidi nchi za milimani. Huyu wa Asia haogopi joto la pwani. Habari za kuonekana kwake Tanzania, katika Morogoro, zilichapishwa mwaka 2016. Nawe wajua kwamba barabara itokayo Morogoro kwenda Dar es Salaam yapita katikati ya Kibaha, na kila siku huchukua miche, matunda na majani ya kila namna.

Huyu mdudu aupenda ule mti wa uzio kuliko karibu miti yote. Huzaa na kulea juu yake, na kila ukiukata uzio ukatoa chipukizi laini, umemtandikia meza. Katika jimbo la Florida, Marekani, mdudu alionekana mwaka 1998, na miche ya mti huu iliyouzwa madukani ilisaidia kumtawanya. Mwaka 2005 ugonjwa wenyewe ukagunduliwa. Msimu wa 2003 hadi 2004 Florida ilivuna makasha ya machungwa kama milioni 242. Msimu wa 2022 hadi 2023 ilivuna yasiyofika milioni 16. Tufani nazo zilichangia, lakini ugonjwa ndio uliovunja mgongo. Wale walikuwa na fedha, na madawa, na wataalamu. Mwenye michungwa thelathini nyuma ya nyumba huko Kisarawe atajitetea kwa nini?

Kwa hiyo shauri langu ni wazi, nami sitalipunguza makali kwa ajili ya uzuri wa uzio wa mtu. Katika Kisarawe, na katika kila kijiji cha Kibaha penye michungwa, ndimu au malimau, mti huu usipandwe. Aliye nao aung'oe, au angalau auchungulie kila juma chipukizi zitokapo. Akimwona mdudu aliyeinua mkia amwite bwana shamba, wala asikate matawi na kuyapeleka mahali pengine. Anayetaka uzio wenye harufu, mhina upo: hukubali kukatwa, hustahimili jua, maua yake hunukia, na majani yake yana kazi inayojulikana na kila mwanamke wa pwani. Sioni kwa nini tumeuacha.

Mche wa mwasmini wa kweli haununuliwi ila kwa kukosa jirani. Ukiona mwasmini mzuri mahali, omba tawi. Wakati bora ni mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi, kwa sababu hewa ina unyevu na mche hauteseki. Chagua tawi lisilo changa sana wala kongwe, lililoanza kukomaa lakini bado lapindika. Kata kipande cha inchi sita chenye vifundo vitatu au vinne, ondoa majani ya chini, uache mawili ya juu. Na kama hayo ni makubwa, yakate nusu. Chomeka mpaka vifundo viwili viingie chini, katika mchanga safi uliochanganywa na mboji kidogo, mahali pa kivuli chepesi. Mwagilia mchanga usikauke, lakini usiwe tope. Baada ya majuma manne mpaka manane mizizi itakuwa imetoka. Usivute kuangalia, chipukizi jipya litakuambia.

Iko njia nyingine, nayo ni ya hakika zaidi kwa mtu asiye na subira ya kumwagilia kila siku. Lipinde tawi la chini la mwasmini mpaka ardhini, likwaruze kidogo chini ya kifundo, lifukie kwa udongo wa inchi tatu au nne, uweke jiwe juu lisiinuke, na ncha yake ibaki nje. Mama huendelea kumnyonyesha mtoto. Baada ya miezi mitatu hivi kata upande wa mama, ungoje siku chache, kisha uhamishe.

Mahali pa kupanda ndipo wengi wanapoharibu. Mwasmini uliopandwa chini ya mwembe au mkorosho huota majani ya kupendeza sana, wala hutaona ua. Wataka jua la nusu siku kwa uchache, na likiwa la siku nzima ni bora, maadamu mizizi haikauki. Tena usipande katika mabonde ya udongo mweusi ambako maji ya masika husimama. Mizizi huoza, majani huwa ya manjano, nawe wadhani una njaa ukazidi kuutia mbolea. Mchanga wa mgongoni, ulio mwingi kwetu, waufaa vizuri, ila mchanga huo hauna nguvu wala haushiki maji. Basi chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, uweke kando udongo wa juu, uchanganye na samadi ya zamani au mboji, urudishe. Zamani Uzaramo haikuwa nchi ya ng'ombe kwa sababu ya mbung'o, na mpaka leo nyumba nyingi hazina samadi ya ng'ombe. Mavi ya mbuzi yafaa sawasawa. Mavi ya kuku, ambayo sasa hupatikana kwa wingi kwa wafugaji, ni makali: yakae chini ya kivuli miezi miwili au zaidi mpaka joto lake liishe, la sivyo yataunguza mizizi. Na yakizidi, mti huwa na majani tele na maua haba. Konzi moja ya jivu la kuni kuzunguka shina mara mbili kwa mwaka haidhuru.

Maji ni jambo la kusemwa kwa haki, kwa sababu katika nyumba nyingi ayachotaye au ayanunuaye siye apandaye maua kwa maneno. Mwasmini uliokwisha kushika, yaani uliopita mwaka wa kwanza, hauhitaji kunyweshwa kila siku. Nusu debe mara mbili kwa juma wakati wa kiangazi, iliyomwagwa polepole shinani ikazama, yashinda kunyunyiza kila jioni, maana maji ya kunyunyiza hulowesha vumbi tu na kupotea. Maji yaliyooshewa mchele au mboga ni mazuri. Ya sabuni nyingi na ya chumvi yasitumike. Funika ardhi kwa nyasi kavu au makumbi ya nazi, lakini yasiguse shina, kwani mchwa wetu hawahitaji kualikwa mara mbili.

Sasa kwa yule aliyesema, "Nilipanda, haukutoa maua." Bwana, au Bibi, uliukata lini mara ya mwisho? Wengi hujibu kwamba hawakuukata kamwe, kwa sababu waliuonea huruma. Huruma hii ndiyo inayowanyima maua. Mwasmini hutoa maua kwenye vitawi vipya; tawi kongwe lililokwisha kuzaa halina kazi tena ila kufanya kivuli. Kichaka kisichopogolewa miaka mitatu huwa kama nywele za mgonjwa: nje majani machache, ndani vijiti vikavu. Shauri langu ni kupogoa sana mara moja kwa mwaka, mwezi Septemba, kabla ya vuli. Ondoa kabisa matawi yaliyokufa, membamba na yanayosugana, kisha yaliyobaki yakate mpaka kiasi cha futi moja na nusu kutoka ardhini. Tumia mkasi mkali au kisu. Panga huchana gamba na kuacha jeraha. Kichaka kitaonekana cha kusikitisha, na jirani atasema umekiua. Tia mboji, mwagilia, ungoje. Mvua za vuli zitakapofika utaona chipukizi kila kifundo, na nchani mwa chipukizi vitumba. Baada ya kila mzao wa maua punguza ncha kidogo, nayo italeta mzao mwingine. Mwasmini mchanga wa mwaka mmoja usikatwe hivyo. Punguza ncha tu upate matawi mengi.

Kupogoa huku kwajibu pia neno lisemwalo sana, kwamba mwasmini huvuta nyoka. Nyoka hafuati harufu ya ua. Hufuata panya, mijusi na vyura, na hao hupenda kichaka kilichosongamana chenye majani makavu chini yake, kiwe cha mwasmini au cha kitu kingine chochote. Ukiuweka wazi chini, mtu akaweza kuona shina na ardhi, nyoka hana pa kulala. Ama habari za majini kupenda asmini usiku, kila mtu na imani yake. Mwenye kuhofu na aupande mbali kidogo na dirisha.

Wadudu wa mwasmini ni wachache kwa mwenye kuuangalia. Wakati wa kiangazi utitiri huweza kushika upande wa chini wa majani, ukaona vidoa vidogo vya rangi hafifu na utando mwembamba. Maji yaliyorushwa kwa nguvu chini ya majani, asubuhi kwa siku kadhaa, huuondoa. Kidung'ata, yule mweupe kama pamba, afutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, na sisimizi wanaomlinda watafutiwe njia yao na kuzuiwa. Jambo moja nalikataza kabisa: dawa zilizobaki za mikorosho zisipulizwe juu ya mwasmini. Ua hili huingia katika nywele, hulaliwa juu ya kitanda, na watoto huliweka mdomoni.

Kuchuma kuna saa yake. Ua lililokwisha kufunguka usiku, asubuhi limepoteza nusu ya thamani yake. Achumaye huchuma vitumba alasiri, vile vilivyojaa na kuwa vyeupe kabisa lakini bado vimefumba. Vyenye kijani aviache vya kesho. Vitungwe uzini vingali vimefumba, vifunikwe kwa kitambaa kibichi au jani la mgomba, visitiwe majini. Baada ya magharibi vitafunguka vyenyewe uzini. Kwa biashara, ujue basi kwamba mali yako ina usiku mmoja tu. Kisarawe na Kibaha zina bahati ya kuwa karibu na Dar es Salaam, na vitumba vilivyochumwa saa tisa vyaweza kufika kwa mnunuzi kabla ya giza, ikiwa njia haikuziba. Nayo, kama ijulikanavyo, huziba. Kwa sababu hiyo sipendi mtu aanze kwa kupanda shamba zima. Apande mitatu au minne, apate kwanza mnunuzi wa hakika, mpambaji wa maharusi au mtunga vikuba, amuulize ataka vingapi na siku zipi. Akiisha kujua hayo, matawi ya kulaza ardhini atakuwa nayo mwenyewe, na masika ya mwaka utakaofuata hatakuwa na haja ya kuomba kwa mtu.